Chakula cha Siku Mbili

Tulimzika kaka yangu Joram mwaka jana, wakati wa mvua za masika, na kaburi lilijaa maji mara mbili kabla jeneza halijateremshwa. Watu walimsema vizuri. Walisema alikuwa mtu wa kazi, mtu wa kanisa katika uzee wake, baba wa watoto sita. Nilipoitwa nami niseme neno, kwa kuwa ndimi mdogo wake, nilisimama nikiegemea mgongo wa kiti kwa sababu goti langu la kulia halipendi baridi, nikasema sentensi tatu nne, nikaketi. Alasiri ile mjukuu wake mmoja, msichana wa chuo kikuu, alikuja na albamu ya picha magotini, akaniuliza kwa nini katika harusi na ubatizo wote wa miaka ya tisini mimi simo. Nilimwambia nilikuwa nafundisha mbali. Ni kweli nilikuwa nafundisha mbali, lakini hiyo haikuwa sababu, na sababu yenyewe ndiyo ninayoiandika hapa, kwa kuwa wote wawili walioweza kuumizwa nayo zaidi, mmoja ameshakwenda na mwingine sidhani kama ataisoma.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwishoni mwa miaka ya themanini, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Nilicheza winga ya kulia. Likizo ya Agosti nilikuwa nimekwenda Nairobi kufanya majaribio na timu ya kampuni moja, nikalala kwa Joram wiki tatu, nao wakaniambia nirudi Januari nikiwa na viatu vyangu. Kisha Oktoba, katika mechi ya kirafiki Kisumu, mpira ambao hata haukuwa na maana, niligeuka kuufuata na mguu ukabaki pale pale. Hakuna aliyenigusa. Mwili uligeuka, mguu ukabaki, na ndani ya goti pakalia kitu kama kijiti kikavu kinachovunjwa na mtu asiye na haraka. Kufikia saa kumi goti lilikuwa limevimba kama papai. Daktari aliyenipasua alinieleza kwa upole kwamba kano ya katikati ya goti ilikuwa imekatika, kwamba ameishona kadiri alivyoweza, na kwamba nusu ya kazi iliyobaki ni yangu. Alinifunga plasta kutoka kwenye paja hadi kwenye kifundo, akanipa magongo mawili na maagizo machache: usikanyage, usianguke, na kila saa kaza msuli wa paja ndani ya plasta, hesabu hadi kumi, legeza. Wiki sita.

Wazee waliamua niuguzwe Kisian, kwa sababu Joram alikuwa amejenga huko, upande wa juu wa barabara ya Busia, nyumba ya vyumba vitatu yenye mabati mapya na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Ilikuwa karibu na lami, na kutoka hapo kwenda kliniki mjini si safari. Joram mwenyewe alikuwa Nairobi kazini. Aliyeishi katika nyumba ile ni mke wake, Rispa, peke yake. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mdogo wangu kwa mwaka mmoja, lakini kwa ndoa alikuwa mkubwa wangu, na tuliitana shemeji tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, Msabato wa kufuata kila kitu. Ijumaa alipika chakula cha siku mbili, akafunika sufuria kwa sahani, na tangu jua kutua hadi Jumamosi jioni moto haukuwashwa kwake. Nilipofika nikibebwa na wachezaji wenzangu wawili, alikuwa tayari ametoa kitanda chumbani na kukiweka sebuleni, chini ya dirisha linalotazama barabara. Wale wenzangu walirudi mara moja, wiki ya kwanza, na mkate na chupa ya juisi. Walizungumza habari za mechi, kisha wakaanza kuiangalia saa ya ukutani kwa zamu. Sikuwaona tena hadi plasta ilipotoka.

Sijawahi kukijua chumba kingine kama nilivyokijua kile. Nilijua mabati yanaanza kulia saa ngapi asubuhi jua linapoyapasha, na kwamba saa nane mchana jasho ndani ya plasta hutiririka hadi kisiginoni likawasha mahali ambapo mkono haufiki. Rispa alinipa sindano ya kufumia sweta, ndefu, ya chuma, na mchana mzima nilikuwa naisukuma chini ya plasta kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia kisimani. Redio ilikuwepo lakini betri zilikuwa zimechoka. Rispa alizianika juani juu ya jiwe kila asubuhi, zikatupa dakika ishirini za taarifa jioni, kisha sauti ya mtangazaji ikazama kama anayetembea kuingia majini. Ukutani palikuwa na picha ya Joram amevaa suti, mkono mmoja juu ya stuli yenye maua ya plastiki. Kwenye dirisha niliona lami, chini yake reli ya Butere, na mbali zaidi ziwa, ambalo asubuhi lilikuwa jeupe kama bati na jioni halikuonekana kabisa kwa moshi wa majiko. Nilihesabu malori ya Busia. Vidole vya mguu vilinitazama kutoka mwisho wa plasta, vimevimba, kama vidole vya mtu mwingine. Wiki ya tatu niligundua kwamba plasta iliyokuwa imenibana pajani sasa ilikuwa na nafasi ya kuingiza vidole viwili. Plasta haikuwa imepanuka. Paja ndilo lililokuwa linakwisha.

Kwa mtu wa umri wangu, na kwa desturi zetu, kuuguzwa na shemeji ni jambo la aibu, na aibu ile ilitufanya tuwe bubu. Nilioga mwenyewe nyuma ya nyumba, nimekaa kwenye stuli, mguu umeegeshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufungwa karatasi ya nailoni. Choo cha shimo kilinishinda, kwa kuwa mguu usiokunjika haujui kuchuchumaa. Sikumwambia. Siku ya tatu alirudi kutoka kwa seremala na kiti cha mbao kilichokatwa tundu katikati, akakipeleka huko mwenyewe, akarudi akinawa mikono. "Shemeji, choo kiko tayari," alisema, na jambo hilo halikutajwa tena. Chakula alikiweka kwenye kigoda karibu na kitanda changu, uji wa wimbi asubuhi, jioni kuon, ugali wetu, na dagaa wa omena au mboga ya mrenda, Jumapili akirudi soko la Kibuye pengine kipande cha samaki wa mbuta. Kisha alikwenda kula jikoni, kibanda kilichokuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Nilisikia kijiko chake kikigonga sahani. Naye bila shaka alisikia changu. Watu wawili wa nyumba moja tulikuwa tukila kila mtu peke yake, na kati yetu ua tupu wenye kuku.

Mvua ndiyo iliyotukutanisha. Paa la jikoni lilianza kuvuja wiki ya tatu, na jioni moja aliingia na sahani yake kichwani kama mwavuli, akasimama mlangoni. "Huku kumeloa," alisema. Akaketi kwenye kochi, chini ya picha ya mumewe, akala akiangalia sahani. Kesho yake haikunyesha lakini alikuja tena. Baada ya hapo akawa anachambua maharagwe sebuleni, na mimi nikiwa nafanya zoezi langu la kukaza paja, akawa ananihesabia. Mwenyewe nilikuwa nadanganya, nikifika sita nasema kumi. Yeye alihesabu polepole, kwa sauti ile ya chini, akitupa punje moja kwa kila namba, na alipofika tisa alikaa kidogo kabla ya kumi, makusudi, mpaka nikatukana. Hapo ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza. Aliniuliza maswali ya ajabu. Je, ukilala unajiota unakimbia au una plasta? Nilimwambia najiota natembea sokoni na watu hawanioni. "Basi wewe unaota maisha yangu," alisema, akaendelea na maharagwe.

Bomba la maji la majirani lilikuwa nyuma ya ukuta wetu, na wanawake waliposubiri ndoo zijae walizungumza kana kwamba ukuta hauna upande wa pili. Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mama Grace, mke wa binamu yetu, ambaye boma lake lilipakana na letu na ambaye familia ilikuwa imemwachia kazi ya kuangalia mambo. Asubuhi moja Rispa alikuwa ameketi sebuleni na ungo mapajani. Tukasikia sauti ya mwanamke mmoja nje, "Miaka miwili na hata mimba hakuna."

"Mimba ataipata wapi," Mama Grace alijibu, "kwa barua?"

Walicheka. Kisha yule wa kwanza akasema, akishusha sauti lakini si vya kutosha, "Yawa, na huko Nairobi nasikia kuna anayempikia Joram."

"Nani hajui?" alisema Mama Grace. "Ila mimi sisemi. Nyumba si yangu."

Mkono wa Rispa ulisimama juu ya ungo. Mimi nilikodolea macho vidole vya mguu wangu. Baada ya muda mkono ukaanza tena kuchambua, jiwe huku, punje kule. Lakini jioni ile, alipoweka chakula kwenye kigoda, hakuondoka. "Shemeji," alisema, "Agosti ulipokuwa Nairobi, nani alikuwa anakupikia?"

"Tulikuwa tunakula hotelini," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kula jikoni, ingawa ilikuwa inanyesha.

Ukweli ni kwamba Agosti yote nilikuwa nimelishwa na mwanamke aitwaye Benta. Aliishi na Joram, walikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja, na mwingine alikuwa njiani. Joram hakunificha. Alinifungulia mlango usiku wa kwanza, akanionyesha mtoto, akasema, "Haya ni mambo ya wanaume, Odhiambo," na mimi nikajisikia nimekuwa mtu mzima kwa kupewa siri. Niliila ile siri pamoja na chapati za Benta kwa wiki tatu, na sikuwahi hata mara moja kumfikiria mtu aliyekuwa Kisian akianika betri juu ya jiwe. Sasa nilikuwa nakula mikononi mwake kila siku. Alhamisi, siku tatu baada ya swali lile, alipokuwa anahesabu, alipofika nne nilimkatiza, nikamwambia yote kwa mara moja, jina, mtoto, mimba, mtaa, nikiwa nimelala chali na mguu juu ya mito miwili, nikiongea na mabati.

Alichagua jiwe moja kwenye ungo, akalitupa. Kisha akauliza, "Mtoto anafanana na nani?"

"Na Joram."

"Ana afya?"

"Ana afya."

Akaweka ungo chini. "Asante, shemeji," alisema. "Hapa kila mtu alikuwa ananihurumia. Hakuna aliyekuwa ananiambia." Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado nimekaza paja, akamalizia, "Tano, sita, saba," mpaka kumi.

Ijumaa alipika kama kawaida, Jumamosi akaenda kanisani. Jumapili aliondoka alfajiri kwenda Kibuye na kuku wote, saba, wamefungwa miguu ndani ya kikapu, akarudi na begi la mtumba la rangi ya kahawia lililonuka dawa ya nondo. Aliliweka chumbani. Sikuuliza. Jumatatu nilisikia akifua siku nzima. Jumanne nilipoamka jiko lilikuwa linawaka tangu alfajiri, na nilipoletewa uji niliona nyuma yake mlangoni sufuria ya nyoyo, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, sufuria ya omena iliyokaangwa ikakauka vizuri, sinia la viazi vitamu. Aliviingiza kimoja kimoja akavipanga kando ya kitanda changu, kila sufuria na sahani juu yake. Akaleta chupa ya chai, mtungi wa maji, kikombe. Akasogeza magongo karibu.

"Shemeji," nilisema, "leo si Ijumaa."

"Najua siku."

Alikuwa amevaa sweta ya kijani na viatu vya kanisani. Begi lilikuwa mlangoni. Aliniambia dada yake ana hoteli ndogo Busia, karibu na mpaka, na amekuwa akimwita tangu mwaka uliopita. Hakulia. Alisema kama anayeniambia mahali chumvi ilipo.

"Nisubiri," nilimwambia. "Wiki mbili plasta inatoka. Nitakupeleka mimi mwenyewe, kwa heshima, na nitasema na Joram."

"Ukipona utakuwa mdogo wake tena," alisema. "Saa hii wewe ni mtu tu." Akachukua begi. Mlangoni aligeuka. "Zoezi lako usidanganye."

Barabara ilikuwa chini ya nyumba, hatua mia mbili hivi, na kutoka kitandani nilimwona akishuka, akasimama penye mti wa mkuyu mahali mabasi husimama. Basi halikuja. Lilipita lori, kisha lori lingine, kisha baiskeli tatu za watu wa samaki. Ua wa Mama Grace ulikuwa chini ya dirisha langu, naye alikuwa ameinama akianika mtama kwenye mkeka. Ningeinua sauti kidogo tu, kiasi cha kumwita paka, na mambo yote yangegeuka. Mke wa kaka yangu anaondoka na begi, na mimi ni mwanamume wa familia niliyemo nyumbani. Kazi ya kumzuia hata plasta haikuniondolea. Nilijua watakachosema. Nilijua pia watu wangesema mengine mabaya zaidi, kwamba mimi na yeye tuliachwa peke yetu wiki nne katika nyumba moja, na walisema, na wapo ambao hadi leo wanasema. Haikuwa hivyo. Lakini nitakuwa mwongo nikisema kwamba kifua hakikuniuma nilipoiona sweta ile ya kijani imesimama kule chini peke yake.

Mama Grace alinyoosha mgongo. "Odhiambo," aliita kupitia dirishani, "mke wa Joram yuko wapi, aniazime ungo?"

"Ameenda kusaga."

"Kusaga? Na mahindi aliyasaga juzi." Akaweka mkono juu ya macho, akaanza kugeuka kuelekea barabarani. Na mbali, upande wa mjini, nikasikia basi linapanda.

Nilipiga kelele. Nilipiga kelele kama mtu anayekatwa, "Mama Grace! Mguu! Mguu wangu!" na nilisikia kitu kikianguka, na miguu yake ikikimbia, akaingia akihema, mikono imejaa vumbi la mtama. Nilimwambia vidole vimekufa, sivisikii, nakufa. Mimi, ambaye kwa wiki nne sikukubali mtu auguse mguu ule, niliushika mkono wake nikauweka juu ya vidole. Alipiga magoti, mgongo ameupa dirisha. Alivisugua, akavipulizia, akamwita Mungu, akaniuliza hapa unasikia, na hapa, nami nikasema hapana, hapana, huku natazama juu ya kitambaa chake cha kichwa. Basi lilisimama. Kondakta alitupa begi juu. Sweta ya kijani ikapanda, mlango ukafungwa, basi likaondoka, likapita nyuma ya miti, na kwa muda nikaendelea kusikia injini yake.

"Sasa nasikia kidogo," nilimwambia Mama Grace.

"Ero, Mungu ni mkubwa," alisema, machozi yakimlengalenga, na sijawahi kujisamehe kabisa kwa machozi yale.

Nilimdanganya tena jioni, kwamba Rispa amechelewa kwa rafiki wa kanisani, na tena Jumatano asubuhi, kwamba amelala huko. Nilitaka awe amefika mbali. Siku mbili hizo ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote maishani mwangu. Nilikuwa nimedhani wiki zile za kwanza, kabla hatujaanza kusemezana, ndizo upweke. Hapana, wakati ule nilikuwa nasikia kijiko. Sasa nilikula nyoyo baridi na hakuna kilicholia upande wowote wa nyumba, hata kuku hawakuwepo. Saa za zoezi zilipofika nilijihesabia kwa sauti, nikisimama kwenye tisa kama alivyofanya yeye, na sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye mabati hadi nikaacha. Betri zilibaki nje juu ya jiwe, zikanyeshewa. Jumatano alasiri chai ilikwisha, nikaona nijipeleke jikoni mwenyewe. Nilivuka kizingiti na ua vizuri. Gongo la kushoto ndilo lililoteleza, ndani ya jikoni, mahali mvua ilipoloanisha saruji, na nilianguka uzito wote juu ya upande wa kulia. Ndani ya plasta kitu kiliachia, kwa utulivu, kama kifungo kinachochomoka kwenye shati. Nililala pale nikitazama mabati ya jikoni yanayovuja mpaka Mama Grace aliponikuta, na safari ile mguu ulipouma kweli, yeye, aliyekwisha kujua kwamba Rispa ameondoka, hakuamini.

Joram alifika Ijumaa kwa basi la usiku. Hakuketi. Alizunguka vyumba vyote, akafungua kabati, akaangalia chini ya kitanda kana kwamba anatafuta sahani. Kisha akaja akasimama mbele yangu, chini ya picha yake mwenyewe.

"Ulimwona akiondoka?"

"Nilimwona."

"Na Mama Grace alikuwa hapo nje."

"Alikuwepo."

"Walikupasua mguu, Odhiambo," alisema, "hawakukupasua mdomo." Alisogea karibu. "Na habari za Nairobi alizitoa wapi?"

"Kwangu."

Nilidhani atanipiga. Badala yake alichukua kofia yake, akasema nihamishwe kabla ya Jumapili, akatoka. Nilimwona akishuka hadi barabarani akasimama pale pale penye mkuyu. Wiki mbili baadaye, mjini, walikata plasta kwa msumeno mdogo. Ndani mlikuwa na mguu mwembamba kama mpini wa jembe, wenye maganda na nywele ndefu nyeusi. Yule aliyenifundisha kuukunja tena alililegeza goti kwa mikono miwili, akalivuta mbele, likaja zaidi ya inavyotakiwa. Aliniuliza kama nilianguka. Nilisema ndiyo. Aliandika kitu. Januari sikwenda Nairobi. Nilimaliza chuo, nikapangiwa shule ya mbali, nikaomba nyingine ya mbali zaidi. Mimi na Joram hatukusemezana miaka tisa, hadi mazishi ya mama yetu yalipotulazimisha tubebe jeneza upande mmoja.

Rispa nilimwona mara moja tu, katikati ya miaka ya tisini, nilipopeleka watoto wa shule kwenye mashindano ya riadha Busia. Nilikuwa nimeulizia. Hoteli ilikuwa yake sasa, meza sita, madirisha yamepakwa rangi ya maji ya bahari. Alikuwa amenenepa na amejifunga leso mbili. Hakushtuka. Aliniletea samaki bila kuniuliza ninataka nini, akaketi mbele yangu, akaniuliza habari za mama, kisha habari za mguu. Nilimwambia umepona kabisa. "Mbona unachechemea?" Nilisema ni viatu vipya. Aliviangalia viatu vyangu, ambavyo kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja, akanisogezea sahani. Baadaye mwanamume mmoja aliingia na gunia la mkaa begani, Rispa akamwambia, "Huyu ni shemeji yangu," na yule bwana akanisalimu kwa mikono miwili bila kuuliza shemeji wa wapi. Niliondoka kabla jua halijazama. Watoto walikuwa wananingoja.

Joram alistaafu, akarudi Kisian na Benta, wakazeeka katika nyumba ile. Tulisalimiana, tulichangia harambee za kila mmoja, tuliuliziana hali ya ng'ombe. Jambo lile hatukuligusa. Mwaka jana alipolazwa mjini nilikuwa nakaa naye mchana ili Benta akapumzike. Alikuwa amekonda na sauti imebaki kidogo. Siku moja, baada ya chakula ambacho alikisukuma kando, aliniita jina langu. Nilidhani anataka maji.

"Ile Jumanne," alisema.

Nilimngoja. Alikuwa anatazama dari.

"Alikuwa amekula kabla ya kutoka?"

Nilitafuta. Ninaikumbuka asubuhi ile kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Niliziona sufuria zote na sahani iliyofunika kila moja, niliiona sweta, begi, viatu vya kanisani, mvuke wa uji wangu mwenyewe kwenye kigoda. Sikumwona mahali popote akitia kitu mdomoni.

"Sijui, Joram," nilimwambia. "Sikuangalia."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kukusanya vyombo polepole nisimwamshe. "Hata mimi," alisema, "sikuwahi kuangalia." Kisha akanyoosha mkono, mimi nikaushika, tukakaa hivyo mpaka Benta aliporudi.